Taa Kuwaka Si Ushahidi

Watu wengi hudhani kwamba fundi akibonyeza swichi na taa ikawaka, basi kazi yake imekwisha na ni kazi njema. Mwenye nyumba hufurahi, watoto hupiga kelele za shangwe, naye fundi hupokea fedha zake akaenda zake. Nia yangu katika makala hii ni kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu kwamba sivyo ilivyo. Taa huwaka katika nyumba iliyotandazwa nyaya kwa kufuata kanuni, na huwaka vile vile, kwa mwanga ule ule, katika nyumba ambayo yaweza kumwua mtu kesho. Kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha nyumba hizo mbili. Hiyo ndiyo sababu kanuni zikawekwa.

Mimi kwetu ni Berega, wilayani Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Kwa wale wasiofika huko, Berega ni mahali palipo chini ya milima, panapojulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni. Kazi yetu kubwa ni kulima. Tunapanda mahindi, maharage na alizeti, na mtu akipata mavuno mazuri hubadili paa la nyasi akaweka bati. Kwa miaka mingi nyumba zetu ziliangazwa kwa vibatari na taa za chemli, kisha zikaja tochi na taa za nguvu za jua.

Umeme wenyewe si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1908 serikali ya Wajerumani ilikuwa na umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wao wenyewe. Upande wetu wa kusini, katika njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara, mtambo wa Kidatu ulianza kufanya kazi mwaka 1975, na ulipoongezwa mwaka 1980 ukawa na uwezo wa megawati 204. Lakini mtu aweza kukaa karibu na mto na asiwe na maji ndani ya mtungi. Vijiji vingi vilianza kuona nguzo baada ya kuundwa Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Hata hivyo, nguzo na mita zikishafika, bado kuna safari moja fupi sana ambayo umeme lazima uisafiri, nayo ni kutoka kwenye mita mpaka kwenye taa. Kazi ya TANESCO huishia kwenye mita. Nyaya zilizo ndani ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake. Safari hiyo haizidi hatua ishirini, lakini ndiyo inayopita juu ya vitanda vya watu.

Nguzo zilipofika mtaani kwetu, Mjomba wangu alikuwa amekwisha kuuza alizeti yake na kuweka akiba ya shilingi 400,000 kwa ajili ya umeme. Walikuja mafundi wawili, kila mmoja akaitazama nyumba na kuandika hesabu yake. Wa kwanza alisema atatandaza nyaya vyumba vyote vinne pamoja na sebule, vifaa vikiwa humo humo, kwa shilingi 350,000. Alipoulizwa habari za leseni, alisema, "Mhuri nitauleta mimi, wala msihangaike." Wa pili alikuwa na leseni yake mwenyewe, akaionyesha bila ya kuulizwa. Lakini hesabu yake kwa nyumba ile ile ilikuwa shilingi 620,000.

Jioni ile tulikaa uani, Mjomba, mkaza mjomba, Bibi na mimi. Kwetu sisi Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, na kwa hiyo neno la mjomba lina uzito mkubwa kwa mpwa wake. Nilikuwa nimenyamaza nikisikiliza. Mjomba akaziweka karatasi mbili mbele yangu, akasema, "Wewe unasoma Fizikia huko shuleni. Tusomee, kisha utuambie tofauti ya hizi ni nini. Maana mimi naona taa ni zile zile na swichi ni zile zile."

Nilisoma polepole. Ni kweli taa zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa katika vitu ambavyo haviwashi taa. Karatasi ya pili ilikuwa na chuma cha ethi cha kupigwa ardhini pamoja na waya wake wa kijani. Ilikuwa na swichi ya kinga, ambayo kazi yake ni kukata umeme unapovuja. Ilikuwa na nyaya nene zaidi kwa ajili ya soketi, na mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya ukutani. Mwisho ilikuwa na siku moja ya kupima. Karatasi ya kwanza haikuwa na hata kimoja katika hivyo.

Bibi aliposikia habari za chuma cha ardhini, aliuliza swali ambalo nadhani wazee wengi wangeuliza. Alisema, "Hicho chuma mnachotaka kukizika, kinawasha taa gani?"

Sikuweza kumjibu kwa maneno machache, na ndiyo maana naandika sasa kwa urefu.

Kwanza ni lazima tufahamu kiasi cha umeme kinachotosha kumdhuru mtu. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Globu ya zamani ya wati 60 ilikuwa ikichukua kiasi cha ampea 0.26, yaani miliampea 260. Globu ndogo za siku hizi za wati 9 huchukua kiasi cha miliampea 39 tu. Basi fahamu kwamba umeme wa miliampea 30 ukipita kifuani mwa mtu, na usikatwe upesi, ni hatari kwa uhai wake. Misuli hukaza hata asiweze kuuachia waya alioushika, na ukiendelea, au ukizidi hapo, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo umeme unaowasha taa ndogo kabisa ndani ya nyumba unatosha kuleta msiba. Watu husema, "Huu ni umeme wa taa tu," kana kwamba umeme wa taa ni mpole. Umeme wa taa hutoka kwenye mita ile ile na volti ni zile zile.

Sasa tuitazame sakiti breka, ile swichi ndogo inayojikata yenyewe. Wengi huiamini kwamba inamlinda mtu. La, hiyo inalinda waya. Breka ya soketi ya ampea 20 hungoja mpaka umeme uzidi ampea 20 ndipo ikate. Miliampea 30 si hata sehemu moja katika mia sita ya kiasi hicho. Mtu akishika waya wa moto, breka haitambui kabisa kwamba kuna jambo. Kwake yeye mtu huyo ni kama globu nyingine imewashwa.

Hapo ndipo chuma cha ethi kinapoingia. Tuseme pasi, au jiko la umeme, au friji, imeharibika ndani, na waya wa moto umegusa bati lake la nje. Kama bati hilo limefungwa kwa waya wa ethi mpaka ardhini, umeme hupata njia yake ya kwenda chini. Kama halikufungwa, bati hukaa na volti 230 likingoja mkono wa mtu, na mtu huyo ndiye atakayekuwa njia. Pasi hiyo itapiga nguo vizuri tu, na friji hiyo itagandisha barafu vizuri tu. Hakuna dalili.

Lakini chuma cha ethi peke yake hakitoshi katika nchi kavu kama yetu. Ardhi ya Berega wakati wa kiangazi hukauka ikapasuka, na ardhi kavu hupitisha umeme kwa shida. Tukifanya hesabu tuliyofundishwa darasani, kama ardhi ina ukinzani wa omu 50, basi volti 230 zitapitisha ampea 4.6 tu. Kiasi hicho hakiwezi kuikata breka ya ampea 20. Umeme utavuja ardhini usiku na mchana, na bati litabaki na hatari yake. Ndiyo maana ethi huenda pamoja na swichi ya kinga. Swichi hii hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na umeme unaorudi kwa waya wa nyutro. Ikiona kwamba miliampea 30 zimetoka na hazikurudi, hujua kwamba zimepata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, nayo hukata kabla ya sehemu tatu za kumi za sekunde hazijapita. Kwake, ampea 4.6 za kuvuja ni kitu kikubwa sana. Kwa hiyo kimoja humsaidia mwenzake. Ethi huupa umeme unaovuja njia ya kupita, na swichi huukata.

Hayo yote niliyaeleza uani kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Mjomba alisikiliza, kisha akasema neno la kweli kabisa: "Nimefahamu. Lakini fedha ni 400,000, wala hazitazaa zikiwa sandukuni."

Ndugu wasomaji, jambo hili tusilipite haraka. Ni rahisi kwa mtu aliyesoma kuwalaumu watu wa vijijini kwamba hawafuati kanuni. Wengi hawafuati kwa sababu kanuni zina bei, na bei hiyo hulipwa kwa magunia. Anayekuja na hesabu ndogo huonekana kuwa rafiki. Mafundi wa namna hiyo, wasio na leseni, wanajulikana nchi nzima kwa jina la vishoka. Wengine wana ustadi wa mikono, sikatai. Lakini kishoka anauza taa kuwaka, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo mnunuzi anaiona.

Siku ya pili Mjomba alimwita fundi mwenye leseni, wakazungumza. Mwisho wa mazungumzo yao walikata shauri ambalo mimi naliona la hekima. Nyumba isitandazwe yote kwa mara moja. Zitiwe taa tatu na soketi mbili tu, yaani sebuleni, chumbani kwa Bibi na jikoni. Lakini swichi kubwa, chuma cha ethi, swichi ya kinga na breka viwe kamili tangu siku ya kwanza, na mabomba ya vyumba vilivyobaki yafukiwe matupu, yangojee mavuno ya mwaka unaofuata. Gharama ikawa shilingi 390,000. Mkaza mjomba alikubali chumba chake kikae gizani mwaka mmoja zaidi. Huo ndio ulikuwa uamuzi wetu, kupunguza taa wala tusipunguze kinga. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili kuna pia kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kina soketi, swichi na breka ndani ya boksi moja, na kilitengenezwa ili mwenye nyumba ndogo asihitaji kutandaza nyaya nyingi.

Kazi ilichukua siku tatu wakati wa likizo, nami niliruhusiwa kubeba ngazi na kushika nyaya. Nilijifunza kanuni nyingine ambazo napenda kuwagawia wenzangu.

Kanuni moja ni kwamba swichi lazima ikate waya wa moto, si waya wa nyutro. Fundi akikosea akaweka swichi kwenye nyutro, taa itawaka na kuzimika bila ya kasoro. Lakini itakapokuwa imezimika, kishikio cha globu bado kina umeme. Mtu atazima swichi kwa uangalifu, atapanda juu ya kiti kubadili globu, na atapigwa shoti gizani. Kwa ajili hii nyaya hutiwa rangi. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi na ethi ni wa kijani. Katika kazi mpya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni wa buluu, na ethi ni wa kijani wenye mstari wa njano. Mtu akitumia waya mweusi kwa moto kwa sababu mwekundu umemwishia, anamtegea fundi atakayekuja baada yake.

Kanuni nyingine ni ya unene wa waya. Kwa taa hutumika waya wa milimita za mraba 1.5, na kwa soketi 2.5. Tunajua katika Fizikia kwamba umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya, joto halizidi mara mbili, bali huzidi mara nne. Birika la wati 2,000 huchukua karibu ampea 9. Ukilichomeka pamoja na pasi na jiko dogo katika ekstensheni moja yenye waya mwembamba, waya utapata moto ndani ya ngozi yake, ngozi italainika, na moto waweza kuanza juu ya dari ambako hakuna anayetazama. Breka huchaguliwa ili ikate kabla ya waya kufika hapo. Kwa hiyo mtu anayeona breka inakata mara kwa mara, akaitoa na kutia kubwa zaidi, amemnyamazisha mlinzi wa nyumba yake mwenyewe.

Kanuni ya tatu ni ya maungio. Nyaya haziungwi hewani kwa kusokotwa na kufungwa tepu, zikaachwa juu ya dari. Huungwa ndani ya kisanduku, kwa viungio vya skrubu, mahali ambapo fundi mwingine ataweza kufungua na kutazama. Panya hupenda dari zetu, na tepu haimzuii panya.

Kanuni ya nne ni ya maji. Soketi haiwekwi bafuni, na swichi ya taa ya bafu hukaa nje ya mlango. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, na mtu anayeoga huwa amesimama juu ya sakafu yenye maji bila ya viatu.

Chuma cha ethi tulikipiga karibu na mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa kila siku, kwa kuwa huko ardhi haikauki upesi. Bibi alikuja kutazama kikizama. Fundi alimwambia, "Bibi, hiki hakiwashi taa. Kitakaa tu humu miaka yote kikingojea siku moja." Bibi akasema kwamba hata mbwa wa nyumba kazi yake ni hiyo hiyo, na tangu hapo hakuuliza tena.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupima, kabla ya umeme kuunganishwa. Nakiri kwamba kabla ya siku hiyo niliidhania ni desturi tu ya kumaliza kazi. Fundi alitoa chombo ambacho mafundi hukiita mega. Chombo hiki hupeleka volti nyingi ndani ya nyaya kwa nguvu ya betri yake, ili kujua kama ngozi za nyaya zinazuia umeme kama inavyotakiwa. Nyaya za sebuleni zilikuwa nzuri. Za jikoni zilikuwa nzuri. Alipofika za chumbani kwa Bibi, akapima kati ya waya wa moto na waya wa ethi, mshale ulianguka karibu na sifuri. Akarudia, jibu likawa lile lile.

Alisimama akautazama ukuta kwa muda, kisha akaonyesha kwa kidole. Juu ya swichi, mahali pa kimo cha mtu, palikuwa na msumari mpya. Seremala aliyekuja jana yake kutengeneza mlango alikuwa amemsaidia Bibi kwa kumpigia msumari wa kutundikia kanga. Msumari ule ulikuwa umepasua bomba la plastiki nyuma ya lipu, ukauchoma waya wa moto na wa ethi kwa pamoja.

Nataka msomaji afikiri pamoja nami. Kama nyumba ile ingetandazwa kwa karatasi ya kwanza, waya wa ethi usingekuwamo ukutani, wala siku ya kupima isingekuwapo. Msumari ungegusa waya wa moto peke yake. Umeme ungeunganishwa, swichi ingebonyezwa, na taa ya Bibi ingewaka vizuri sana. Majirani wangekuja kuitazama. Na kila jioni taa ilipowashwa, au hata mchana kama waya uliochomwa ungekuwa ule uendao kwenye swichi, ule msumari ungekuwa na volti 230, na juu yake ingetundikwa kanga iliyotoka kufuliwa. Bibi yangu hutembea peku ndani ya nyumba.

Msumari uling'olewa, waya ukavutwa na kubadilishwa, kikapimwa tena, kikawa sawa. Seremala hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba nyaya zilizofichwa ukutani hupitishwa wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, kwa makusudi, ili kila mtu ajue zilipo, na kwamba mahali hapo hapapigwi msumari. Hiyo nayo ni kanuni, na haimhusu fundi wa umeme peke yake. Inamhusu seremala, mpiga lipu, na mama mwenye nyumba anayetaka kutundika kalenda.

Nilipomwuliza fundi mambo haya yameandikwa na nani, aliniambia kwamba kanuni zetu nyingi zina asili katika zile za Uingereza. Baadaye nilisoma kwamba chama cha wahandisi wa umeme mjini London kilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1882, mwaka ule ule ambao Edison alifungua vituo vyake vya umeme London na New York. Kanuni hizo zilikuwa za kuzuia moto, maana watu walianza kuogopa nyumba kuungua. Yaani taa za umeme na hofu ya taa za umeme zilizaliwa pamoja, na kanuni zimeendelea kuongezwa na kusahihishwa tangu siku hizo. Mimi huziona kama daftari la makosa ya watu waliotutangulia. Kila mstari umewekwa ili sisi tusilipe mara ya pili kitu kilichokwisha kulipwa.

Katika nchi yetu, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliweka msingi wa jambo hili, na EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa kutandaza umeme. Leseni hizo ni za madaraja mbalimbali, tangu za nyumba ndogo hadi za mitambo mikubwa. Mhuri wa fundi ni ahadi ya mtu aliyeiona nyumba na kuipima. Mhuri ulioazimwa ni ahadi ya mtu ambaye hakufika. Na kwa upande wa vifaa, Shirika la Viwango, yaani TBS, huweka alama yake juu ya bidhaa zilizokubaliwa. Waya usio na alama, wenye bei ya ajabu, mara nyingi una shaba kidogo kuliko unavyosema.

Basi ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunatoka katika vijiji ambavyo umeme umefika majuzi au unakaribia kufika. Likizo ijayo wazazi wetu watatuuliza kama Mjomba alivyoniuliza, na si lazima uwe fundi ndipo uwe na jibu. Muulize fundi maswali manne, mbele ya mwenye nyumba, kwa heshima. Leseni yako iko wapi, na ni yako? Ethi itapigwa wapi? Swichi ya kukata umeme unapovuja iko katika hesabu? Utapima kwa chombo gani kabla ya kuwasha? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa amekwisha kukujibu.

Hali kadhalika, tusikubali kuvuta waya juu ya miti au chini ya mchanga kumpelekea jirani umeme. Tusiguse waya wa nguzo ulioanguka, bali tuwazuie watoto na kuwaarifu TANESCO. Tukimwona mtu ameshikwa na umeme, tusimshike kwa mikono. Tukimbilie swichi kubwa kwanza, na kama iko mbali, na umeme ni wa nyumbani, tumwondoe kwa mti mkavu, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Msumari ule ulikuwa mdogo kuliko miba mingi ya shambani kwetu, nao ulipatikana kwa sababu mtu alilipwa siku moja ya kutafuta kitu ambacho hakuna aliyejua kama kipo. Siku hiyo moja ndiyo ambayo kila mwenye kutaka bei ya chini huifuta kwanza. Tuwaombe wazazi wetu wasiifute.